UZI: Bara la kwanza lilitoka wapi? Niliyoyaokota nikiendesha gari la watu wa mawe

DerevaWaMawe (Arua)

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni msomaji wa kimya humu tangu zamani. Huu ni uzi wangu wa kwanza, mkinichapa mnichape polepole.

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuendesha gari la wanajiolojia. Shule niliishia S4 (kidato cha nne), usomi sina. Lakini ukishinda na watu wa mawe kuanzia alfajiri hadi giza, leo Moyo, kesho Busia, maneno yao utayaokota hata kama hukuyatafuta.

Siku moja tulisimama kando ya barabara si mbali na Arua, mahali nilipochunga mbuzi utotoni. Pana mwamba wa mistari, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, umekunjika kama shuka iliyokamuliwa. Mama zetu huanika mihogo juu yake. Mzee wa msafara akapiga magoti, akalowesha kidole kwa mate, akasugua jiwe rangi zitokee, akalitazama kwa kile kioo kidogo walichokuwa wakikivaa shingoni. Akasema, "Dereva, hapo ulipoegemea pana zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu."

Nikamuuliza, na kabla ya hilo palikuwa na nini? Jibu lilianza pale, likaisha tukiwa Pakwach tunakula samaki.

Alianza hivi. Dunia ina miaka bilioni 4.54. Ilipokuwa changa haikuwa na bara hata moja. Iligongwa na gimba kubwa, mabaki ya ajali ile yakawa Mwezi, na uso wote ukawa ziwa la mawe yaliyoyeyuka. Lilipopoa, ganda lililojitokeza lilikuwa jeusi na zito, aina ya basalti, jamaa ya yale mawe meusi ya Kisoro. Hata leo sakafu ya bahari zote ni basalti. Ajabu yake haizeeki: katika bahari kuu huwezi kupata sakafu inayozidi sana miaka milioni 180, maana ikizeeka inapoa, ikipoa inakuwa nzito, ikiwa nzito inazama ndani kuyeyushwa upya.

Bara halizami. Sentimita moja ya ujazo ya mawe ya bara ina gramu kama 2.7. Basalti ni kama 3. Lile koti la mawe moto lililo chini ya ganda ni 3.3. Bara linaelea juu yake kama mtumbwi.

Sasa swali langu likawa: kama kila kitu kilikuwa cheusi na kizito, hicho chepesi kilitoka wapi?

Mzee akacheka, akaniuliza kama nimewahi kuona waragi, ile pombe kali yetu, ikipikwa. Nani hajaona! Unatia pombe ya ndizi kwenye pipa, unawasha moto chini, kinachotoka kwenye mrija si kile ulichotia. Kilicho chepesi kinatangulia, masimbi yanabaki. Ukitaka kali zaidi unapika mara ya pili. Akasema mawe ni hivyohivyo. Jiwe haliyeyuki lote kwa mkupuo kama barafu, kwa kuwa limechanganyika madini mengi na kila moja lina joto lake. Ukiyeyusha koti kidogo tu, jasho linalotoka ni basalti. Ukichukua basalti iliyolowa maji, ukaizamisha na kuipasha tena, jasho lake ni jiwe jeupejeupe, jepesi, lenye kwazi nyingi (yale madini meupe kama kioo). Hilo ndilo lililoanza kuelea. Ukilipika tena hilo nalo, ndipo unapata itale (granite) yenyewe, ile ya waridi tunayoiona Mubende.

Kwa hiyo bara ni waragi iliyopikwa mara tatu. Na neno kubwa ni lile nililolitaja kwa haraka: *iliyolowa maji*. Basalti kavu inahitaji moto mkali mno ndipo iyeyuke. Ikiwa na maji ndani ya madini yake, inaanza kutoa jasho mapema, kwenye nyuzi 700 na kitu hivi.

Nimemaliza utangulizi. Kazi kwenu.

---

Mama_Salama (Jinja)

Kaka dereva, karibu. Umefundisha vizuri ila mfano wako wa pombe watoto wangu wanasoma hapa 😀 Si ungesema samli tu? Siagi ukiipasha, samli inajitenga, uchafu unabaki chini.

---

DerevaWaMawe

Dada yangu, umenikamata. Samli inafaa. Lakini samli hatupiki mara tatu.

---

Kijana_wa_Mbale

Mzee shikamoo. Sisi shuleni tulifundishwa bara la kwanza ni Pangaea, kisha likapasuka. Hii ya mawe kupikwa sijaisikia.

---

Bint_Jiolojia (Kampala)

Ninasoma jiolojia Makerere, mwaka wa tatu, naomba nimjibu mdogo wangu wa Mbale.

Pangaea ni mtoto wa juzi. Iliungana kama miaka milioni 335 iliyopita, ikaanza kupasuka karibu milioni 200. Kabla yake palikuwa na Gondwana, kabla ya hapo Rodinia, kama miaka bilioni 1 iliyopita, na kabla ya Rodinia kuna jingine wanaloliita Columbia au Nuna. Hayo yote ni mabara kukutana na kuachana, vipande ni vilevile. Mzee anaongelea vipande vyenyewe vilizaliwaje, na hayo ni mambo ya bilioni 3, bilioni 4. Tukifanya umri wa Dunia uwe siku moja ya saa 24, Pangaea inajikusanya saa 4 na robo usiku.

Mzee wako wa msafara alikuwa mwalimu mzuri. Hilo jiwe la pili, jeupejeupe, lina jina refu: tonaliti, trondhemiti na granodioriti, watu wa fani tunafupisha TTG. Ukienda kwenye sehemu kongwe za mabara yote, Canada, Greenland, Afrika Kusini, Australia, huku kwetu pia, ndilo utakalolikuta kwa wingi, mara nyingi likiwa limekandwa kwa joto na mgandamizo hadi kuwa jiwe la mistari linaloitwa naisi. Kama kule kwenye mihogo.

---

Mzee_Sabuni (Masindi)

Mimi nina neno moja. Bilioni 4. Nani alikuwepo? Babu yangu hajui hata mwaka aliozaliwa, nyie mnajua jiwe limezaliwa lini?

---

DerevaWaMawe

Mzee wangu, hilo hilo nilimuuliza bosi tukiwa tumekwama kwenye tope. Alikuwa na saa tatu za kunijibu, hakuwa na pa kwenda.

Kuna kichembe kinaitwa zirkoni. Kidogo kuliko punje ya chumvi, kigumu, hakikwaruzwi ovyo. Kinapoganda ndani ya itale iliyoyeyuka, kinapokea urani (uranium) ndani yake lakini risasi, ile metali nzito, kinaikataa. Urani haitulii, inageuka risasi polepole kwa mwendo usiobadilika: aina moja inachukua miaka bilioni 4.47 nusu yake igeuke, aina nyingine miaka milioni 704. Kwa hiyo ukikuta risasi ndani ya zirkoni, imezaliwa mle mle. Unapima urani iliyobaki, unapima risasi, unapiga hesabu. Na kwa vile saa ni mbili, moja inaikagua nyenzake. Zikikubaliana, umri umekaa sawa. Zikigombana, unajua kichembe kiliguswa na moto au kilivuja.

---

Mzee_Sabuni

Mtu aliyepokea mgeni baada ya mlango kufungwa hawezi kudanganya alitoka wapi. Sawa. Endelea, nasikiliza.

---

Bint_Jiolojia

Mzee Sabuni umeiweka vizuri kuliko kitabu changu.

Niongezee la Jack Hills, Australia Magharibi, maana bila hilo uzi huu haujakamilika. Pale kuna mwamba uliotokana na kokoto na mchanga wa mto, una umri wa karibu miaka bilioni 3. Ndani ya mchanga huo kuna zirkoni chache zilizokuja na maji kutoka kwenye milima ambayo haipo tena. Mwaka 2001 ilitangazwa kichembe kimoja chenye miaka bilioni 4.4. Yaani punje ni kongwe kuliko jiwe lililoibeba kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Mama yake, mwamba ilimozaliwa, umeshasagika wote. Alibaki mtoto peke yake.

Na oksijeni iliyo ndani ya vichembe hivyo ina alama ya mawe yaliyowahi kukutana na maji ya kimiminika karibu na uso. Kwa hiyo miaka kama milioni 150 tu baada ya Dunia kuumbika, maji yalikuwepo na mawe yalikuwa yameanza kupikwa upya. Hii haimaanishi palikuwa na bara kubwa. Huenda vilikuwa vipande kama visiwa. Lakini jiko lilikuwa limewashwa.

Mwamba mzima (si punje) unaokubalika na wengi kuwa mkongwe kuliko yote ni naisi ya Acasta, kaskazini mwa Canada, miaka bilioni 4.03 hivi. Kuna wa Quebec unaodaiwa kuupita, wanabishana bado.

---

MwanaGeita (Tanzania)

Wakuu, mimi mgeni kutoka upande wa pili wa ziwa. Sisi wachimbaji tunajua mawe ya kijani na itale hukaa pamoja: kijani kama ukanda mwembamba, itale kama matumbo makubwa pembeni yake. Dhahabu tunaifuata kwenye ule mpaka, kwenye rifu, yaani mishipa ya kwazi. Kuna uhusiano na haya mnayosema?

---

Bint_Jiolojia

Kaka, uhusiano ndio wenyewe. Hayo ya kijani ni basalti za kale, nyingi zilimwagika chini ya maji, zikapashwa mpaka madini yake yakawa ya kijani. Matumbo ya itale ni lile jasho lililopanda. Geita, Migori, Kakamega, hadi Busia kwetu, mikanda hiyo yote ni ya kizazi kimoja, ukingoni mwa kiini kikongwe kinachoitwa kratoni ya Tanzania. Mpaka wa Uganda na Kenya jiwe haliujui.

Kuna jiwe jingine la zama hizo, komatiti, limeitwa kwa jina la Mto Komati huko Afrika Kusini. Lava yake ilitoka na joto la kama nyuzi 1,600. Lava ya Hawaii ya leo ni kama 1,200. Hapo unaona koti la Dunia lilikuwa na joto kuliko sasa, kwa sababu urani na wenzake walikuwa bado wengi, joto lililozalishwa mle ndani lilikuwa kama mara mbili hadi tatu ya leo.

---

DerevaWaMawe

Hapo ndipo mabosi wangu walipokuwa wakigombana usiku kwenye hema, nami najifanya nimelala.

Maji yalifikaje chini? Basalti iliyolowa iko juu, kwenye sakafu ya bahari. Jiko liko kilomita 30 hadi 50 chini. Nani aliibeba?

Bosi wa kwanza alisema mabamba, yaani vipande vikubwa vya ganda la Dunia vinavyosogea. Kama leo, bamba moja linapita chini ya jingine, linakwenda na maji yake. Wa pili alikataa katakata. Alisema Dunia ile ilikuwa ya moto mno, ganda lilikuwa laini, halikuweza kukatika na kuzama kama ubao. Yeye aliona moto ukipanda kama moshi mnene kutoka chini, basalti inamwagika juu ya basalti, rundo linanenepa hadi la chini kabisa, ambalo lililoweshwa lilipokuwa juu, linajikuta jikoni bila kubebwa na mtu. Halafu masimbi mazito yaliyobaki yanadondoka ndani ya koti kama tone la asali.

Wa kwanza anasema: sawa, hata masimbi yalivyobaki tunajua. Yalikuwa na madini yanayoitwa garneti. Garneti inapenda kung'ang'ania baadhi ya elementi nzito, haiziachii. Ukipima TTG na kuona elementi hizo zimepungua, unajua mle jikoni kulibaki garneti, na garneti inahitaji kina. Wa pili anamjibu, kina nakubali, lakini kina si bamba! Wakaendelea hivyo mpaka nikalala kweli.

---

Kijana_wa_Mbale

Kwa hiyo nani alishinda?

---

DerevaWaMawe

Asubuhi walikunywa chai pamoja. Lakini kama unaniuliza mimi dereva, naona wote wana haki mahali pao. Pilbara kule Australia, itale zimekaa kama mayai ya mviringo na kijani kimezama katikati yake. Hiyo inafanana na kitu kilichopanda na kushuka pale pale, si kubebwa. Isua kule Greenland, miaka bilioni 3.7 na zaidi, wengine wanaona dalili za mabamba kusukumana. Sijui kwa nini lazima Dunia nzima ipike kwa jiko moja.

---

Bint_Jiolojia

Mzee, mhadhiri akikusikia ataniambia nikuachie kiti. Kuna na kundi la tatu: vimondo. Mwaka 2022 watafiti wa Curtin University, Perth, walipima oksijeni kwenye zirkoni za Pilbara wakasema kuyeyuka kulianzia juu kushuka chini, kama pigo la kimondo kikubwa lingefanya. Mimi binafsi naona pigo linaweza kuanzisha moto, ila haliwezi kuleta kuni za miaka milioni mia kadhaa.

Na ona majirani. Zuhura na Mirihi zina basalti tele. Mwezi una nyanda nyeupe, lakini hiyo si itale. Ni madini mepesi yaliyoelea juu ya ziwa la moto mara moja tu, basi. Itale kwa wingi, bara zima la itale, tunalijua kwetu tu, kwenye maji mengi. Narudi kwa neno la mzee: iliyolowa.

---

Mama_Salama

Niulize la mtu wa kawaida. Hayo mabara yalipozaliwa yalitoka juu ya maji mara moja, au yalibaki chini kama mamba?

---

Bint_Jiolojia

Mama, mengi yalibaki kama mamba. Ganda likiwa jembamba au la moto haliinuki sana. Singhbhum huko India kuna mawe ya mchanga ya ufukweni na mitoni yenye miaka kama bilioni 3, na mchanga wa ufukweni unahitaji nchi kavu ya kuusaga. Barberton, Afrika Kusini, nako kuna ushahidi wa fukwe za bilioni 3.2. Hapo mtu angeweza kusimama. Pasingekuwa na jani wala hewa ya kuvuta.

---

Mzee_Sabuni

Na sisi Uganda tumekaa juu ya kipande gani? Mnazungusha Australia na India, mnanipita hapa Masindi.

---

DerevaWaMawe

Mzee Masindi nakujua vizuri, nilipasukiwa tairi mbili hapo.

Kusini-mashariki, upande wa Busia, ni ukingo wa kratoni ya Tanzania. West Nile na kaskazini ni naisi kongwe za upande wa Kongo. Katikati na magharibi zimebandikwa nguo changa zaidi, zenye miaka bilioni 2 kushuka chini: shaba ya Kilembe imo humo. Uganda ni shuka la viraka.

Na hiki nilikiona kwa macho kwenye ramani waliyoibandika kwenye mlango wa gari. Bonde la Ufa linashuka kutoka Ethiopia, likifika kwetu linagawanyika. Tawi moja linapita Kenya. Tawi la pili linapita Ziwa Albert, Rwenzori, Ziwa Edward, linashuka Tanganyika. Katikati yake limeiacha ile kratoni nzima nzima. Bosi aliweka kiganja juu ya ramani: "Hapa chini kuna mzizi wa mawe baridi, unashuka kilomita kama mia mbili. Ufa umejaribu kuupasua, umeshindwa, umeamua kuzunguka." Ziwa Victoria limekaa kwenye kibonde kati ya matawi hayo mawili, kina chake kama mita 80 tu, sahani. Albert na Tanganyika ziko ndani ya ufa.

Kwa hiyo mzee, kile kilichopikwa miaka bilioni 2 na nusu iliyopita ndicho kinachoamua leo sangara anaishi wapi.

---

Mzee_Sabuni

Hapo umenilipa tairi zako.

---

Karai_la_Busia

Banange, nimesoma uzi wote nikiwa kazini, simu imejaa tope. Mimi nachenjua dhahabu kwa karai, upande wa Tiira. Mchanga wa kawaida ukishaondoka na maji, chini unabaki mchanga mweusi mzito, dhahabu inakaa ukingoni mwake. Tukishaokota ya macho, ule mweusi tunautupa. Hiyo zirkoni yenu inaweza kuwemo?

---

Bint_Jiolojia

Inaweza kabisa, kaka. Kwazi uzito wake ni 2.65, inaondoka na maji. Zirkoni ni kama 4.6, inabaki na weusi. Mweusi mwingi ni magnetiti, 5.2. Dhahabu ni 19, ndiyo maana inabaki nyuma ya wote. Chukua sumaku, hata ya spika mbovu ya redio, ifunge kwenye karatasi ya nailoni, ipitishe juu ya mchanga ukiwa mkavu. Magnetiti itaruka kuifuata. Kwenye kinachobaki tafuta punje ndogo sana, angavu au za waridi, zimechongoka pande zote mbili kama penseli.

Ila kama mchanga uliguswa na zebaki, usiuguse kwa mkono, na usiukaushe kwa moto ndani ya nyumba. Tafadhali.

Na usitarajie 4.4! Za kwenu zikifika bilioni 2.7 ni heshima kubwa.

---

Karai_la_Busia

Zebaki hapana, huu ni wa karai tu kabla ya kuchanganya. Nitarudi.

---

Kijana_wa_Mbale

Uzi huu nimemwonyesha mwalimu wangu wa jiografia, amesema atausoma likizo.

---

Karai_la_Busia (siku nne baadaye)

Nimerudi. Spika nilipewa na fundi redio bure. Mchanga wa karai tatu, sumaku imeondoa sehemu kubwa, kimebaki kama nusu kijiko cha chai. Nimeutandaza kwenye karatasi nyeupe, nikatazama kwa kioo cha kutengenezea saa. Za waridi zipo! Nimehesabu kumi na moja, moja imechongoka kweli kama alivyosema dada. Nimezitia kwenye kichupa cha dawa ya macho.

Lakini sikilizeni. Kwenye ule uliobaki, bila weusi kuuficha, kulikuwa na vumbi la dhahabu ambalo siku zote tumelimwaga. Si nyingi, ila imelipa sukari na sabuni ya wiki.

Sasa shimoni kwetu hakuna anayeongea habari nyingine. Fundi redio ameanza kuuza spika mbovu elfu mbili moja, na wala hajui zirkoni ni nini.